Jina Lisiloonekana Kitabuni

Jumapili iliyopita baada ya ibada ya pili binti mmoja alinisubiri nje ya ofisi ya usharika, ameikumbatia bahasha ya kaki kifuani. Kwaya ya vijana ilikuwa inarudia ubeti uleule upande wa pili wa ukuta, wazee wa kanisa wanahesabu sadaka, watoto wa shule ya Jumapili wanakimbizana katikati ya bodaboda zilizoegeshwa. "Shikamoo, Mchungaji," akasema. "Naomba uniombee vyeti vyangu."

Katika huduma hii nimeombea wagonjwa, mashamba, misingi ya nyumba, na mara moja pampu ya maji iliyogoma. Vyeti navyo nimeviombea. Lakini nimejizoesha kuuliza kwanza mtu amebeba nini, kwa sababu mara nyingi anayeomba maombi anahitaji pia mtu wa kusoma naye barua. Nikamkaribisha ndani, akazipanga karatasi zake mezani moja moja.

Bahasha ya namna ile unaifahamu. Pengine na kwako ipo, juu ya kabati au chini ya godoro, imefungwa ndani ya plastiki isije ikapata unyevu. Ndani yake kuna cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na cha sita, na kwa waliojaliwa kufika mbali, shahada na transkripti yake. Binti huyu ana shahada ya ununuzi na ugavi kutoka chuo kikuu cha hapa nchini. Ana pia barua ya ajira kutoka kampuni ya kusafirisha mizigo huko Hamburg, mji wa bandari, ambako watu wa fani yake hawakosi kazi. Mwajiri anamtaka. Mshahara umeandikwa. Kilichobaki ni swali moja ambalo ubalozi lazima upate jibu lake kabla ya kugonga viza: je, shahada hii, kwa macho ya Ujerumani, ni shahada?

Naomba nikueleze utaratibu wenyewe kidogo, kwa maana wengi huogopa kitu wasichokijua kuliko kitu kilichopo. Ujerumani ina sheria ya uhamiaji wa watu wenye ujuzi, iliyoanza kutumika Machi 2020 na kulegezwa kwa hatua kuanzia Novemba 2023. Kwa aliyesoma chuo kikuu nje ya nchi hiyo, hatua ya kwanza haina malipo. Unaingia kwenye orodha ya mtandaoni iitwayo anabin na kukitafuta chuo chako. Kikiwa na alama ya H+ kinatambulika. Kikiwa na H na alama ya kutoa, hakitambuliki. Kikiwa na zote mbili, kuongeza na kutoa, jambo lake huangaliwa kwa undani zaidi. Ukishakiona chuo, unaitafuta shahada yenyewe. Ikiwamo na imeandikwa kuwa inalingana na ya kwao, unachapisha ukurasa ule na kuuambatanisha kwenye maombi ya viza. Isipokuwamo, unaiandikia ofisi iitwayo ZAB, mjini Bonn, ofisi yenye mizizi ya tangu mwaka 1905, iliyo chini ya baraza la mawaziri wa elimu wa majimbo yote 16. Wao husoma vyeti vyako na kutoa tamko linaloeleza shahada yako inalingana na ipi ya Ujerumani. Gharama yake ni yuro 208.

Chuo cha binti yetu kina H+. Shahada yake haimo.

"Mchungaji," akaniambia, na sauti ikamkatika kidogo, "nimetafuta kwa majina yote. Haimo."

Wewe je, umewahi kulitafuta jina lako mahali ukalikosa? Kwenye orodha ya waliochaguliwa kuendelea na kidato cha tano? Kwenye orodha ya waliopata mkopo wa elimu ya juu, simu mkononi, ukishuka ukurasa baada ya ukurasa hadi herufi yako ikapita? Kwenye tangazo la walioitwa kwenye usaili? Kuna ubaridi fulani unaoshika tumbo wakati huo, na mtu huanza kujiuliza maswali ambayo orodha ile haikumuuliza: labda sikustahili, labda niliyoyasoma hayakuwa kitu, labda walionicheka walikuwa sahihi.

Nikamfungulia Ezra sura ya pili. Ni sura ambayo wengi wetu tunairuka, na sikulaumu ukiiruka, maana ni orodha tupu. Wayahudi wamerudi kutoka uhamishoni Babeli baada ya mfalme Koreshi kuwaruhusu, wakiongozwa na Zerubabeli, na mwandishi anawahesabu. Anahesabu koo, miji, waimbaji, mabawabu. Jumla ya mkutano anaipata watu 42,360, mbali na watumishi wao. Kisha anahesabu farasi, nyumbu na ngamia. Hata punda anawahesabu: 6,720.

Katikati ya hesabu hiyo makini kuna mistari michache ya huzuni. Koo tatu za makuhani, wana wa Habaya, wana wa Hakosi na wana wa Barzilai, zilikitafuta kitabu cha nasaba zao na majina yao hayakuonekana. Hebu kaa hapo kidogo. Punda wamehesabiwa mmoja mmoja, na watu hawa, waliotembea njia ileile ya mwezi baada ya mwezi kutoka Babeli, hawana karatasi. Wakatengwa na ukuhani kana kwamba wamenajisika. Neno ni zito na sitalilainisha. Lakini liwali hakuupigilia mlango misumari. Aliwaambia wasile vitu vitakatifu sana mpaka atakaposimama kuhani mwenye Urimu na Thumimu, yaani mpaka atakapokuwepo mwenye uwezo wa kulijibu swali lao. Hakuna mahali panaposema kwamba walikuwa waongo, wala hawakurudishwa Babeli. Waliambiwa wangoje.

Nadhani kungoja kwa namna hiyo ni kugumu kuliko kukataliwa. Aliyekataliwa hulia, akanawa uso, akatafuta njia nyingine. Aliyeambiwa ngoja huishi akichungulia simu. Ndiyo maana nataka tutulie hapa wiki hii, mpendwa, tuone jinsi mtu anavyoweza kungoja bila moyo wake kuharibika.

Jambo la kwanza nililomwambia binti ni hili. Mizani ya dukani hupima uzito wa sukari na haijui utamu wake. Usiichukie kwa kutokujua, na usiiulize. Ofisi inayolinganisha shahada huangalia chuo kina ithibati au la, masomo yalichukua muda gani, yalikuwa ya ngazi ipi, na mwenye shahada hiyo katika nchi aliyosoma ameruhusiwa kuendelea na nini. Haijui ulisoma kwa shida gani. Haijui, na haikuulizwa. Tamko lake likija zuri halitakufanya uwe na thamani zaidi mbele za Mungu, na likichelewa halitakupunguzia. Najua maneno haya ni rahisi kuyasema ukiwa umekalia kiti cha ofisi ya usharika. Hata hivyo naomba uyajaribu kwa siku saba: kila unapofungua barua pepe na kukuta kimya, jiambie kwamba kilichoko mezani Bonn ni karatasi zako, na wewe mwenyewe uko mikononi mwa Mwingine.

Jambo la pili ni gumu zaidi, nalo ni hasira. Tukikosa kutambuliwa ugenini, wepesi wa kinywa hutufanya tuseme, "Wazungu wanatudharau." Wakati mwingine dharau ipo, sitakudanganya. Gharama nayo haikai sawa kwa watu wote. Zile yuro 208, kwa kima cha chini cha mshahara cha Ujerumani cha mwaka 2025, ni ujira wa takriban siku mbili za kazi. Kwetu ni zaidi ya kima cha chini cha mwezi mzima cha mtumishi wa umma, ambacho tangu Julai 2025 ni shilingi 500,000. Huo ni uzito ambao mwenzetu wa kule haujui, na mtu akiulalamikia simnyamazishi.

Lakini je, sisi wenyewe hatupimi? Mtanzania aliyesoma India, China au Uganda akirudi nyumbani na shahada yake, Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, nayo hukiangalia chuo alikotoka na kuipima tuzo yake kabla haijatambuliwa hapa. Hatusemi tunamdharau. Tunasema tunalinda wagonjwa, wanafunzi na madaraja yetu dhidi ya vyuo vya mfukoni. Bara letu limelifikiria jambo hili kwa muda mrefu: mkataba wa nchi za Afrika wa kutambuliana masomo na shahada ulipitishwa mwaka 1981 hapa hapa Arusha, ukafanyiwa marekebisho Addis Ababa mwaka 2014. Na tangu Machi 2023 upo mkataba wa dunia nzima chini ya UNESCO unaolenga kwamba kila mwenye shahada apate nafasi ya kupimwa kwa haki. Kumbuka kwamba hata huo unazungumzia kupimwa. Majirani zetu Kenya walisaini makubaliano ya uhamiaji wa wafanyakazi na Ujerumani mjini Berlin mwezi Septemba 2024, na vijana wengi hapa kwetu waliwaonea wivu. Mkataba wa nchi na nchi hufungua njia, lakini karatasi za kila mtu bado husomwa peke yake.

Basi tulipoendelea kuzisoma za binti, tukakuta tatizo lingine ambalo hata hakulijua. Pasi yake ya kusafiria imefuata cheti cha kuzaliwa. Shahada imefuata cheti cha kidato cha nne. Na kwenye kidato cha nne, jina la baba yake limeandikwa kwa l mahali palipotakiwa r. Herufi moja tu. Akaiangalia kwa muda, kisha nikaona uso wake unabadilika. "Ni yule mwalimu aliyetuandikisha mtihani," akasema. "Nilimwambia. Nakumbuka nilimwambia." Kumbe miaka yote hiyo mtu yule alikuwa hayupo moyoni mwake, na sasa ghafla ameingia na kukaa kiti cha mbele.

Nani ameikalia nafasi hiyo moyoni mwako, mpendwa? Karani aliyeandika tarehe yako vibaya? Mzazi ambaye hakukulipia ada kwa wakati ukarudia mwaka? Mjomba aliyeahidi nauli akazima simu? Makosa madogo ya watu wengine yana tabia ya kulala miaka mingi na kuamka siku tunayoyahitaji mambo yaende sawa.

Nilimwomba amfikirie mwalimu yule. Pengine alikuwa peke yake na fomu za madarasa mawili, umeme umekatika, tarehe ya mwisho ni kesho. Pengine kwao r na l ni ndugu na sikio lake halizitofautishi. Pengine pia alikuwa mzembe tu. Hilo nalo hutokea, na msamaha haukuwekwa kwa ajili ya wenye visingizio vizuri peke yao. Tukakaa kimya kidogo. Kisha nikamwuliza kama angeweza kulitaja jina la mwalimu huyo katika maombi yetu kabla hatujavitaja vyeti. Hakuwa tayari. Nikamwambia hakuna haraka.

Ila nilimweleza kitu ambacho ningependa na wewe ukishike vizuri. Kumsamehe mwalimu hakumaanishi kuiacha ile l ikae. Kesho yake asubuhi alitakiwa aende kwa wakili, aape kwamba mwenye majina yale mawili ni mtu mmoja, apate hati ya kiapo, aiambatanishe. Wengi tunadhani tukishasamehe lazima tunyamaze, au tukishadai haki yetu hatujasamehe. Yote mawili hukaa katika mtu mmoja. Unaweza kulirekebisha kosa bila kumtafutia aliyelitenda adhabu.

Njia ya mkato ilikuwepo, nayo aliniambia kwa sauti ya chini. Kuna kijana mwenye steshenari karibu na stendi ambaye "hurekebisha" vyeti. Kwa pesa kidogo angeitoa ile l na kuweka r, na jicho la kawaida lisingegundua. Herufi moja, tena herufi iliyo ya kweli! Je, huo nao ni uongo? Naielewa nguvu ya swali hilo. Mtu aliyechoka na mwenye haki upande wake ndiye anayejaribiwa vikali zaidi, kwa sababu anahisi anarudisha tu kilicho chake.

Sisi Watanzania tuna kumbukumbu inayotusaidia hapa. Aprili 2017, Rais John Magufuli alipokabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti mjini Dodoma, watumishi wa umma 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Wapo waliokuwa wametumikia miaka mingi na kwa bidii. Nyumba zikatikisika, ada za watoto zikakatika. Huenda mmoja wao ni baba yako, au ni wewe unayesoma hapa. Nalikumbuka pia jambo la pili, ambalo huzungumzwa kidogo kuliko la kwanza: mwaka 2022, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, Serikali iliamua kwamba watu hao warudishiwe michango yao waliyokatwa kwenye mifuko ya hifadhi ya jamii. Kazi hawakurudishiwa. Lakini jasho lao halikufutwa lote kwa sababu ya karatasi moja. Nami naona katika uamuzi ule namna ya haki inayojua kwamba mkosaji pia alifanya kazi, alichoka, na ana watoto.

Kama ndani ya bahasha yako kuna karatasi unayojua si ya kweli, sikuandikii kukutisha. Nakuandikia kwamba mlango wa mchungaji wako uko wazi siku za kazi pia, na kwamba ni afadhali kulisema jambo hilo leo mbele ya mtu anayekupenda kuliko kulisema baadaye mbele ya ofisa wa ubalozi. Mtu anaweza kuanza upya akiwa na miaka 40. Nimewaona.

Turudi kwa wana wa Hakosi, maana habari yao haikuishia pale. Lakini nitawafikia kwa kupitia kwa kijana wa usharika wetu, muuguzi, ambaye yeye amekwishafika Ujerumani. Kazi yake iko chini ya sheria kali zaidi kuliko ya binti wa ugavi. Uuguzi, udaktari na ualimu kule ni taaluma ambazo huwezi kuzifanya kwa jina lake kamili mpaka mamlaka ya jimbo itambue mafunzo yako. Alipopeleka vyeti vyake alijibiwa kwa barua inayoorodhesha mapungufu: saa hizi za mafunzo ya vitendo hazionekani, somo hili halikufikia kiwango. Akapewa kuchagua kati ya kozi ya kuziba pengo na mtihani wa maarifa. Anajifunza Kijerumani jioni, na mchana anafanya kazi kama msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya wazee.

Alinitumia ujumbe wa sauti. "Mchungaji, huko nyumbani nilikuwa naongoza zamu ya wodi nzima. Huku namwogesha bibi, namgeuza kitandani, naandika amekula vijiko vingapi." Kisha akacheka, na baada ya kucheka akanyamaza kwa muda. Nilimsikia akivuta pumzi kabla hajaniaga.

Nilimjibu kwa habari ya mtu aitwaye Meremothi. Nehemia sura ya tatu ni orodha nyingine tunayoiruka, ya watu waliojenga ukuta wa Yerusalemu, kila mmoja na kipande chake. Katika mstari wa nne anatajwa Meremothi, mwana wa Uria, mwana wa Hakosi. Anajenga kipande chake. Wengi katika orodha hiyo hutajwa mara moja, wakimaliza kazi yao wanaondoka. Lakini ukifika mstari wa 21 unamkuta Meremothi tena, na kipande cha pili. Safari hii anajenga kuanzia mlango wa nyumba ya Eliashibu mpaka mwisho wa nyumba hiyo. Eliashibu ni nani? Ni kuhani mkuu.

Mwenye jina la Hakosi katika nasaba yake, jina lilelile lililokosekana kitabuni, anaujenga ukuta ulio kando ya nyumba ya kuhani mkuu. Ukirudi Ezra sura ya nane unakuta jambo la kustaajabisha zaidi. Ezra anapofika Yerusalemu na fedha, dhahabu na vyombo vya hekalu, vitu hivyo vinapimwa na kukabidhiwa mikononi mwa Meremothi mwana wa Uria, naye hapo anaitwa kuhani. Biblia haielezi swali la ukoo wa Hakosi lilijibiwa lini wala na nani, na haisemi moja kwa moja kwamba Hakosi huyu ndiye yule. Kama ndiye, basi kati ya orodha ile ya kwanza na siku ya dhahabu ile imepita takriban miaka 80. Mtu aliyekosa jina lake kitabuni hakuiona siku hiyo. Aliiona mjukuu au kitukuu.

Muda huo mrefu unanigusa kuliko mwisho wake. Miaka 80 ya familia iliyoanza bila jibu, na bado walilea watoto wanaojua kushika mwiko na jiwe, watoto ambao mtu angeweza kuwakabidhi dhahabu bila kuihesabu mara mbili. Uaminifu wa namna hiyo haulelewi kwa siku moja ya kutambuliwa. Unalelewa jikoni, shambani, katika zamu ya usiku, katika vijiko vilivyoandikwa kwa ukweli kwenye daftari la bibi asiyeweza kujisemea. Muuguzi wetu anaendelea kuandika vijiko hivyo. Mtihani wake bado.

Neno fupi kwa ninyi mnaoishi na mtu anayengoja. Mapenzi yenu hupimwa pia katika majira haya. Mama, usimwulize kila jioni kama wamejibu. Wakijibu atakwambia, tena kwa kelele. Baba, usimtambulishe kwa wageni kama "huyu wetu wa Ujerumani" kabla hajapata viza, maana ikikwama atashindwa kutoka nje. Wewe mchumba wake, mweleze hofu yako ya kuachwa kwa maneno, usiifiche ndani ya ugomvi wa chumvi. Na ikiwa mmechanga fedha za safari, msizigeuze kuwa kamba ya kumvutia. Mpeni kazi za nyumbani kama kawaida. Mtu anayengoja anahitaji kuitwa aje kuchota maji.

Na wewe mwenyewe unayengoja, jaribu wiki hii kufanya mambo machache bila kuyatangaza. Zisome karatasi zako zote herufi kwa herufi, jina, tarehe, mahali pa kuzaliwa, kabla ofisa hajazisoma. Mtafute mwenzako mmoja aliye nyuma yako katika safari hiyohiyo, ambaye hajui hata pa kuanzia, ukae naye nusu saa na simu yako. Na yule aliyekosea jina lako, mtaje mbele za Mungu siku utakayoweza.

Nimalizie na wewe ambaye pengine ulidhani tafakari hii haikuhusu: wewe mwalimu unayeandikisha watahiniwa, karani wa masijala, mtumishi wa ofisi ya msajili wa chuo, mtu wa mhuri. Kesho Jumatatu utafika kazini na kukuta watu wamekaa kwenye benchi la koridoni tangu saa moja. Mmoja wao anangoja transkripti, mwingine barua ya kuthibitisha kwamba kweli alisoma hapo, na nyuma ya karatasi hiyo kuna kazi, viza na familia nzima. Nakusihi kwa upendo wa Kristo: mwulize jina lake linavyoandikwa, usikie mpaka mwisho, na karatasi yake iondoke mezani kwako siku hiyohiyo.